Nafasi ya Ndila

Bergen, Norwei
27 Agosti 1975

Kwa dada yangu Ndila,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu Mama, halafu boma lote mpaka punda. Kifua kinasemaje? Unakula? Usiniandikie ile "sijambo" ya kanisani, niambie kweli. Mimi nilifika salama, ila miguu ilivimba ndani ya ndege hadi viatu vikakataa kuingia, nikatua Ulaya nikiwa na malapa.

Hapa mvua inanyesha. Nisamehe kukuambia hivyo, najua namwandikia mtu wa Kathonzweni. Leo ni siku ya kumi na moja na haijapita siku kavu hata moja, wala watu hawaizungumzii. Hakuna anayesimama mlangoni kuitazama. Hakuna anayekinga sufuria chini ya mabati. Inateremka mlimani, inavuka barabara, inaingia baharini, basi imekwisha. Siku ya kwanza nilisimama nje nikaiangalia ikipotea hivyo mpaka mtu akaniuliza kama nimepotea njia.

Sasa nikuambie jambo moja, na usikasirike. Mlango wa chumba changu umeandikwa jina lako. N. KIEMA, kwa herufi nzuri, kwenye kibati. Barua ya Nairobi ya kusema umebadilishwa ilichelewa, wao walikuwa na karatasi zako za Mei tu. Mama mmoja anayeshika funguo za hosteli akanipokea kwa furaha.

"Wewe ndiye Ndila!"

"Hapana, mimi ni Kalunde. Ndila ni dada yangu. Yeye ndiye aliyechaguliwa. Wakampiga picha ya kifua, wakaona doa, wakamzuia kusafiri. Mimi nilikuwa wa pili."

Akanishika mkono, akasema pole. Lakini kesho yake akaniita Ndila tena, na juma zima nimekuwa Ndila. Wamesema kibati kitabadilishwa.

Dada, najua nafasi hii ya kusoma muhula mmoja huku ni yako. Wewe ndiye ungekuwa hapa ukinidharau kwa kuogopa mvua, na mimi ningekuwa Nairobi nakuandikia. Tangu Mama aliponitoa kule Salama kwa baba yangu, baada ya mama yangu mzazi kufariki, nikiwa na miaka kumi, sijawahi kulala mbali nawe hivi. Nageuka kitandani nikisikiliza unavyopumua, nasikia mabomba ya maji.

Mwambie Mama nguo nzito nimepewa.

Dada yako,
Kalunde


Kathonzweni
16 Septemba 1975

Kwa Kalunde, dada yangu,

Salamu zako zimefika na zimegawanywa kama ulivyoagiza. Punda amekataa zake. Mama ni mzima, goti tu ndilo linamkumbusha umri. Hata nilipokuwa namsomea barua yako alinikatiza mara mbili, "Soma tena hapo kwa mvua." Nikasoma. Akasema, "Hawana hata pipa?"

Umesema nisikufiche, basi. Sindano naendelea nazo, kila asubuhi ya siku za kazi natembea mpaka zahanati. Nesi ni Sista Kaltun, ametoka Garissa, mrefu, ana sauti ya kuchekesha. Ananiuliza, "Leo upande gani?" Namwambia, "Sista, hakuna upande uliobaki." Zilikuwa sitini, zimebaki ishirini na tano. Baada ya hapo ni vidonge mwaka na zaidi. Usiku natoka jasho bado, lakini si kama lile la Juni.

Uchungu hauko kwenye sindano. Kanisani siku ya meza ya Bwana nimewekewa kikombe changu peke yangu, na benchi nakaa mimi na kiondo changu. Hakuna aliyenifukuza. Wananisalimu vizuri, wakiwa wamesimama mbali kidogo. Mama anasema hata Bwana Yesu aliwagusa wenye ukoma. Anasema kwa sauti, ili wasikie.

Muthama alikuja. Alitoka Sultan Hamud na mjomba wake, nikajua ni habari ya uchumba wetu nilipoona mjomba amevaa koti jua lote lile. Mama akapika chai. Mjomba akasema, "Sisi hatukatai. Tungoje tu mambo haya ya kifua yatulie." Nikamwangalia Muthama nikingoja neno lake, naye alikuwa anageuza kofia mikononi kama anatafuta mahali ilipoanza kushonwa. Waliondoka bila kugusa vikombe. Chai ikashika utando.

Basi nisaidie. Nitumie kila unachofundishwa huko, hata michoro ya ubaoni. Nina mwaka mzima wa kukaa hapa, na sitaki kurudi chuoni nikute mmenipita. Ukiandika nitasoma kama niko darasani.

Na lile jina mlangoni, mwambie yule mama asilibandue bado. Nilicheka kwanza. Halafu nikafurahi, kwamba kuna mahali hapa duniani kuna chumba kinanisubiri na hakuna mtu anayeogopa kukaa ndani yake.

Dada yako,
Ndila


Bergen
2 Oktoba 1975

Kwa dada yangu Ndila,

Habari za siku nyingi? Nimefurahi sindano zinaisha. Mimi ni mzima isipokuwa mafua. Hapa giza limeanza kula mchana, saa kumi na mbili jioni taa zote zinawaka.

Ndani ya bahasha utapata kurasa kumi na nne. Nimenakili kila somo, na michoro ya fyodi, zile ghuba ndefu za bahari kati ya milima, nimeirudia mara mbili kwa sababu mikono yangu si kama yako. Kibati kiko mlangoni bado. Nilikwenda nikamwambia yule mama, akanielewa upesi kuliko nilivyotegemea.

Habari za Muthama zimeniuma. Nilianza kumwandikia, nikachana.

Nina shida. Tuna Profesa Haugen, mzee mkimya anayefundisha habari za maji. Ametuambia kila mmoja aandike insha juu ya namna watu wa kwao wanavyopata maji ya kunywa, si kutoka vitabuni, kutoka maisha. Ndiyo nusu ya alama za muhula. Nimekaa mbele ya karatasi nyeupe siku nne. Wewe unajua. Kule Salama maji yalitoka kwenye mfereji wa bomba, tukafunga mfereji, basi. Na nilipokuja kwenu Mama hakunituma mtoni, alisema mtoto aliyezika mama asichoshwe. Nilikuwa nabaki nyumbani nikiwasikia mkirudi na punda.

Wewe ndiye wa mto. Niandikie unavyojua, nijue pa kuanzia.

Dada yako,
Kalunde


Kathonzweni
22 Oktoba 1975

Kwa Kalunde, dada yangu,

Natumai mafua yamekuacha. Sisi tuko. Jumatatu nilidungwa ya sitini, Sista Kaltun akanishika mabega akasema, "Sasa nenda ukaketi kama watu." Nikacheka mpaka nikakohoa, tukaogopa sote wawili, lakini hakukutoka kitu.

Umeniuliza mto. Nimeandika siku tatu, nikipumzika.

Ukisimama darajani sasa hivi huoni tone. Ni mchanga mtupu, mweupe, na mbuzi wanapita kati kama barabarani. Mgeni atasema mto huu umekufa. Haujakufa, umelala chini. Mvua ya mwaka jana iko humo ndani, kati ya chembe za mchanga. Jua haliifikii. Kazi ni kujua ichimbwe wapi, kwa sababu ukikosea utachimba urefu wa mtu na utoke na vumbi.

Mama alinifundisha hivi. Tafuta jiwe. Kuna mahali mwamba unakatiza mto chini kwa chini, kama kizingiti cha mlango. Maji yanayotembea chini ya mchanga yakifika hapo yanazuiliwa, yanarundikana nyuma yake. Mwamba wenyewe unaweza usiuone, lakini utaona ncha zake kingoni, huku na huku, na mara nyingi pana mkuyu. Chimba upande wa juu wa kizingiti, usichimbe chini yake. Halafu angalia mchanga. Mchanga mnene hutoa maji upesi, ule laini kama unga huyashika na kuyanyima. Mama huenda alfajiri bila viatu, anatembea polepole, na mahali unyayo unaposhtuka kwa baridi anachora mstari kwa kidole cha mguu.

Kina sheria pia, kisima cha mchangani. Hufui nguo karibu. Ng'ombe wanywe chini, watu wachote juu. Aliyechimba huchota kwanza, lakini hawezi kumkatalia mwenye mtoto mgongoni. Na jioni unakifunika kwa matawi ya miiba.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu, hata Muthama. Nilikuwa na miaka tisa, mwaka mmoja kabla hujaja kwetu. Ukame ulikuwa mkali na shimo letu lilikuwa limefika kunizidi kimo mara mbili. Mimi ndiye niliyekuwa mdogo wa kutosha kushuka hadi chini, nachota kwa kata, Mama anapokea kwa kamba. Ukuta mmoja ukalegea. Haukutoa sauti, Kalunde. Nilihisi tu kitu kizito kinakaa magotini, halafu tumboni, halafu mdomoni. Nikakumbuka kufunga macho. Humo ndani hakuna giza wala mwanga, kuna uzito tu, na nilisikia moyo wangu ukigonga mchanga.

Mama hakuita watu. Anasema angepiga kelele angepoteza pumzi. Alichimba kwa mikono. Aliponitoa hakulia, alinisafisha masikio kwa kidole, na ndipo nikaona kucha zake tatu zimeng'oka. Zilizoota baadaye ndizo hizi unazoziona zimepinda. Tukajaza mtungi, tukarudi nyumbani. Akaniambia, "Baba yako asijue, atatuzuia kwenda."

Sijui kama hili lina faida kwa insha. Lakini nilipokuwa naandika sikukohoa hata mara moja, na nimeona ajabu.

Dada yako,
Ndila


Bergen
15 Novemba 1975

Kwa dada yangu Ndila,

Salamu kwako na kwa Mama. Mimi sijambo. Theluji imeanguka jana, nimeishika, haina ladha.

Nina habari. Insha imepata alama ya juu kuliko zote. Maelezo yako yalinisaidia sana, asante. Profesa Haugen aliniita ofisini, akanikalisha. Halafu akasema katika miaka ishirini ya kufundisha maji hajasoma kitu kama kile. Anataka nikimaliza shahada Nairobi nirudi hapa miaka miwili kwa shahada ya pili, nifanye utafiti wa mito ya mchanga. Kila kitu watalipa wao.

Sijui niseme nini zaidi. Nimeambatanisha maelezo ya masomo, kurasa tisa.

Dada yako,
Kalunde


Kathonzweni
4 Disemba 1975

Kwa Kalunde, dada yangu mwenye theluji,

Wewe! Mbona umeandika habari kubwa namna hiyo kama mtu anayeomba radhi? Nilimsomea Mama akasimama, goti na yote, akacheza jikoni. Jumapili aliwaambia akina mama kanisani kwamba mtoto wake atakuwa daktari wa mito. Mmoja akauliza, "Syokau, yule wa kifua?" Mama akasema, "Hapana, yule mwingine. Wa kifua naye anakuja."

Sisi ni wazima, na sikufichi. Nilikwenda Machakos kupigwa picha mpya. Doa limepungua, limebaki kama punje ya mtama. Daktari aliiweka ile ya Juni na hii kwenye mwanga, akaniambia, "Binti, kama mngechelewa miezi sita, mapafu yote mawili yangekuwa yamekwenda. Nani aliyekushtukia?" Nikamwambia ni chuo.

Shule ya hapa ilihitaji mwalimu wa kushikilia muhula mmoja. Nikaomba, mwalimu mkuu akakubali, wazazi wakakataa. Sawa. Na Muthama ameoa, wiki mbili zilizopita. Nimeandika sentensi hiyo upesi ili ipite.

Ila naomba kitu kimoja. Nitumie nakala ya insha. Nataka kuona umeuelezaje mto wetu kwa Kiingereza cha profesa. Nitamtafsiria Mama, aketi asikie mambo yake yamefika Ulaya.

Dada yako,
Ndila


Bergen
17 Disemba 1975

Kwa Ndila,

Nakusalimu. Nimeshukuru Mungu kwa ile picha ya Machakos, na sisemi hivyo kwa mdomo tu.

Nakala uliyoomba iko ndani ya bahasha hii. Utakapoifungua utaijua. Ni barua yako ya Oktoba. Niliketi kuandika insha yangu nikashindwa, nikasema nitafsiri mistari michache nianzie hapo. Nikatafsiri yote, neno kwa neno, hata unyayo unaoshtuka kwa baridi. Pale kwenye shimo niliandika "mimi." Niliandika "mama yangu alinichimba kwa mikono yake." Kalamu haikusita. Nimejiuliza kwa nini, na jibu ninaloliona ni kwamba labda nilitaka iwe kweli. Mama yangu mzazi sikumbuki tena hata mikono yake.

Ningeishia hapo, lakini kuna la kwanza lililozaa hili.

Mwezi wa Juni ofisi ya safari ilipokea barua isiyo na jina, ikisema mwanafunzi aliyechaguliwa anakohoa usiku na achunguzwe kifua. Ni mimi niliyeandika. Tulikuwa tunalala chumba kimoja, nilikuwa nakusikia, nawe ulikuwa unaniambia ni vumbi la Nairobi. Nilijiambia naandika kwa ajili ya afya yako. Uongo. Kama ningejali kifua chako ningekushika mkono nikakupeleka hospitali. Nilichukua kalamu. Nilijua wewe ukitoka jina linalofuata ni langu. Halafu wakaona doa kweli, nami nikajifanya Mungu ndiye aliyepanga.

Uliponiandikia maneno ya yule daktari, "nani aliyekushtukia," nilitoka nikatembea kwenye mvua mpaka nguo zikaniganda. Sitaki kujificha nyuma ya daktari. Nilichotaka mimi ni nafasi.

Jana nilikwenda kwa Profesa Haugen nikamweleza. Hakupandisha sauti.

"Kwa hiyo aliyekuwa shimoni ni nani?"

"Ni yule ambaye jina lake liko mlangoni kwangu."

Akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Akasema alama itafutwa, na ile nafasi ya miaka miwili haiwezi kuwa yangu. Akaniomba anwani yako. Nimempa.

Ndila, niandikie. Nitukane kama unataka, lakini niandikie.

Dada yako,
Kalunde


Bergen
12 Januari 1976

Kwa Ndila,

Habari za mwaka mpya? Mko wazima? Mama goti lake?

Nimeenda kuangalia sanduku la barua kila siku, hata siku za sikukuu wakati posta imefungwa. Labda barua yangu ilipotea. Kama ilipotea niambie niandike tena, sitabadilisha hata neno.

Narudi tarehe 7 Februari. Nitalala Nairobi, kesho yake nije nyumbani, kama naruhusiwa kupaita hivyo.

Kalunde


Kathonzweni
21 Januari 1976

Kalunde,

Mama anakusalimu. Ni mzima. Mimi pia, vidonge naendelea navyo. Mvua ya Novemba ilikuja kidogo ikatuacha, mahindi yamekauka yakiwa kimo cha magoti, mbaazi ndizo zimevumilia.

Barua yako ya Disemba haikupotea. Nimekaa nayo siku kumi na tisa. Nilitaka nijibu nikiwa nimetulia, nimeona utulivu hauji, basi najibu hivi hivi.

Kuhusu ile uliyoiandikia ofisi, nilijua. Karani aliniita, akaiacha mezani akaenda kutafuta faili. Tumekaa dawati moja tangu darasa la tano. Nani mwingine anaandika "k" kama mtu anayepiga teke? Niliisoma mara mbili nikairudisha kama ilivyokuwa. Na nilipokusaidia kufunga sanduku la safari nilikuwa najua. Usinifanye malaika. Mwezi wa Machi nilitema damu kwenye leso, nikaifua, nikanyamaza, kwa sababu nilitaka kwenda. Ulisema kile nilichoogopa kusema. Ulikisema kwa roho mbaya, lakini ulikisema, na leo napumua. Hilo nilikusamehe kabla ndege yako haijaruka. Sikukuambia kwa sababu ungenishukuru, na mimi sikutaka shukrani.

Hili la pili siwezi.

Hujui siku zangu zilivyokuwa. Watoto wa jirani wanaitwa ndani nikipita. Kikombe changu kinasuguliwa kwa majivu. Tangu Juni kila mtu anayenitazama anatazama kifua. Zile siku tatu nilipokuwa nakuandikia juu ya mto ndizo siku pekee nilizokuwa mtu mwenye kitu cha kutoa. Sikuwa namwandikia profesa. Kama ungeniambia, "Dada, sina la kuandika, nipe hii," ningekupa mto wote, na mwamba, na mkuyu. Lakini shimo lile ni langu. Mpaka leo naamka na mchanga mdomoni. Nilikupa wewe peke yako ulishike, nawe ukaingia ndani, ukanitoa mimi, ukajiweka wewe, halafu ukaokolewa na mikono ya mama yangu.

Unasema ulitaka iwe kweli. Kalunde, Mama tulishakugawia. Siku ulipofika kutoka Salama ukiwa na kisanduku cha bati, mimi ndiye niliyesogea ukutani ukapata pa kulala. Nilikuwa na miaka kumi na sikunung'unika. Hukuhitaji kumwiba.

Aliniuliza barua inasema nini. Nikamwambia, "Anarudi Februari." Akataka nimsomee insha, kwa sababu nilikuwa nimemwahidi. Nikamsomea yote kwa Kikamba, na nilipofika kwenye shimo nikaweka jina langu mahali ulipoandika "mimi." Alisikiliza akiangalia kucha zake. Nilipomaliza akasema, "Kalunde ameandika vizuri. Alikuwa hajaja wakati ule, lakini ameandika kama alikuwepo."

Nilitoka nje nikasimama nyuma ya ghala.

Profesa wako ameniandikia, barua ya heshima, kurasa mbili. Anasema ile nafasi ataniwekea. Nimemjibu kwamba matibabu yangu yanaisha Disemba, na kwamba wakati huo nitaona kama nina hamu ya kuja. Kwa sasa sina. Sitaki kutazamwa na mtu anayenijua kupitia maneno yako. Na kile kibati, kabla hujaondoka, kibandue.

Ukifika Kenya njoo nyumbani, usiende kujificha Salama kwa baba yako. Mama amekuwekea jogoo, hamgusi hata wageni wakija. Hajui lolote na mimi sitamwambia, goti linamtosha. Tutakula pamoja. Nitakumwagia maji unawe mikono. Tutaongea mbele yake, na ukisimulia habari za theluji nitacheka mahali pa kucheka.

Ila kitanda changu nimekihamishia ghalani, wewe utalala chumbani peke yako. Mama akiuliza, nitamwambia ni kwa ajili ya kifua.

Ni mimi, binti ya Syokau,
Ndila